Baraza la Kalamu: Daftari Lililodhaniwa Uradi



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuketi barazani na watu wa kalamu, tukawauliza walianzaje, huandika saa ngapi, na ni nani aliyewatia shauku ya kuandika. Mara nyingi baraza yetu huwa Mombasa, Malindi au Lamu, na mgeni wetu huwa mtu ambaye kitabu chake kimekwisha kupigwa chapa na jina lake liko juu ya jalada. Wiki hii nimetoka nje ya ada. Nimekwenda Nairobi, mtaa wa Kware, kuzungumza na mama ambaye hajapigiwa chapa hata ukurasa mmoja. Kabla hajanimiminia chai aliniwekea masharti mawili: nisimtaje jina, wala nisinukuu ubeti wake hata mmoja. Nimeyakubali yote mawili. Anayetarajia kuonja tungo zake leo na anisamehe. Nitakayosimulia ni maisha ya uandishi wake, na jambo lililotukia mbele ya macho yangu chumbani mwake.

Kware iko mashariki ya jiji, katika Embakasi Kusini, jirani ya Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Jina lake ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililokaa katika ndimi za wenyeji hata likasahau kwao. Ni mtaa wa majumba marefu ya kupangisha, yaliyosongamana mpaka jua la adhuhuri hufika chini kwa taabu. Nguo zimeanikwa kila kibaraza, na mikokoteni yenye mitungi ya maji hupita katikati ya watu. Mgeni wa kutoka pwani hudhani kwamba mahali kama hapa hapana pa kutungia utendi. Nami nilidhani hivyo nilipokuwa nikipanda ngazi kwenda ghorofa ya nne, nikijishika ukutani na kuhesabu miaka yangu.

Habari za mama huyu nililetewa na msomaji wetu mmoja anayeishi mtaa huo. Aliniambia: "Shehe, kuna bibi hapa kwetu anaandika kwa herufi za kikale, na hatujui anaandika nini." Maneno hayo yalinikosesha usingizi, na sababu yake nitaieleza.

"Subalkheri, mama," nilimwamkia.

"Akheri, shehe wangu. Karibu. Vua viatu uketi mkekani, kiti hicho kina mguu mbovu."

Alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na hakupelekwa skuli. Shangazi yake ndiye aliyemsomesha, kwa ubao na wino, mpaka akakhitimu. Baada ya kukhitimu, shangazi hakumwachilia. Alimfunza kuandika Kiswahili kwa herufi zile zile za msahafu, kwa sababu, alimwambia, mwanamke atakuja kuwa na siri, na siri isiyoandikwa itamwoza moyoni. Mwaka 1988 alimfuata mumewe Nairobi, aliyekuwa amepata kazi kiwandani. Akawalea watoto hapo hapo Kware, tangu majumba yakiwa machache. Muda wote huo hakuandika ila hesabu ya duka na barua za kwao.

Nikamwuliza, kama ninavyowauliza wote: "Ulianza lini kutunga?"

"Edani," akajibu.

Mumewe alifariki miaka saba iliyopita. Akakaa eda, miezi 4 na siku 10, ndani ya chumba hicho hicho. Majirani walikuja wakaenda, na mchana ukawa mrefu. Siku moja akamtuma mjukuu dukani amnunulie daftari na kalamu. Alipotoka eda, daftari la kwanza lilikuwa limejaa. Sasa yako matano.

Nilimwuliza huandika wapi, na maneno humjiaje. Akacheka. "Watu husema maneno huja, shehe. Mimi hayanijii, nayafuata. Nikichagua mchele nahesabu." Akaniwekea mkono wake magotini, akanionyesha: mizani nane katika kila kipande, kidole kwa kidole. Vipande vitatu vya mwanzo lazima viimbe pamoja, na cha nne kirudi kwenye kina kile kile kinachobeba utendi wote tangu mwanzo hata mwisho. Ubeti ukitimia huuzungusha kichwani hata baada ya Isha, kelele za matatu zikipungua, ndipo huuandika. Ukimpotea kabla ya hapo, haulilii. "Ulionipotea haukuwa wangu," alisema.

Nilimsimulia habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, akayaandika mashairi yake juu ya karatasi za msalani kwa kuwa gerezani hakuruhusiwa nyingine. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata yakatoka kitabuni kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mama akatikisa kichwa kwa muda. "Huyo alikosa karatasi," akasema. "Mimi karatasi ninayo." Hakuendelea, nami sikuelewa wakati ule kwamba alikuwa akiniambia alichokikosa.

Basi nikaomba kuyaona madaftari.

Binti yake, mshoni wa nguo ambaye cherehani yake iko chini mlangoni mwa jumba, alikuwa amepanda kutuletea mahamri. Yeye ndiye aliyeyashusha. Yalikuwa juu kabisa ya kabati, pamoja na misahafu, yamefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Kabla ya kuyagusa alijitanda vizuri mtandio wake. Akalibusu la juu, akaliweka kipajini, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nyuradi za mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sisi hatuzigusi bila udhu."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Haukuwa uradi. Kilikuwa Kiswahili tangu neno la kwanza, utendi wa mama kwa mwanawe, na mwana aliyesemeshwa ndiye aliyekuwa amesimama mbele yangu ameshika sahani.

Hapa, ndugu msomaji, yanibidi nikiri deni langu. Mwalimu aliyenifunza chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa na kisanduku cha mbao kilichojaa karatasi. Alitunga maisha yake yote. Kila nilipokwenda kumtazama aliniambia: "Ukipata nafasi uje tuyanakili." Nami nilisema inshallah, na inshallah yangu ilikuwa ya ulimi tu. Alipofariki nilikuwa safarini, nikafika baada ya arubaini. Warithi wake ni watu wema. Walikuta karatasi zenye herufi za Kiarabu, wakachelea zisije zikakanyagwa, wakafanya kama tulivyofundishwa sote: wakazifunga katika nguo nyeupe, wakachimba mahali safi, wakazizika. Hakuna aliyekosa adabu katika jambo hilo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuzisoma, na mtu huyo alikuwa mimi. Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuwaendea waandishi na kuwauliza maswali. Safu hii mnayoisoma kila Ijumaa ni kafara ya kisanduku kile.

Kwa hivyo nilipoona kitambaa cheupe juu ya kabati la Kware, mikono yangu ilitetemeka.

Nilimtazama mama. Akaniuliza: "Umesoma?"

"Ubeti mmoja tu, mama. Nikauacha, kwani si wangu."

"Ni wake," akasema, akimwashiria binti yake. "Na amekwisha kuusoma tangu zamani. Amekhitimu huyu, herufi zote anazijua. Ameusoma akanyamaza, nami nikanyamaza."

Sahani ilikaribia kumponyoka binti. "Mimi, mama? Mimi nilidhani ni dhikiri zako! Nilijaribu siku moja, nikaona si Kiarabu ninachokijua, nikasema haya ni mambo makubwa ya wanavyuoni, nikalirudisha."

Miaka saba, ndugu msomaji. Mama aliandika akangoja jawabu, na kimya cha mwanawe akakihesabu kuwa ndilo jawabu. Binti aliyaheshimu madaftari hayo kiasi cha kuyabusu, na heshima yenyewe ikawa pazia. Nyumba ni ya chumba kimoja, na baina ya vitanda viwili hapana hatua tatu.

Ilikuwaje mtu aliyekhitimu Kurani asiweze kusoma lugha ya mamake? Jambo hili lataka maelezo, kwa kuwa wengi wetu tuko katika hali hiyo. Herufi za Kiarabu zilitengenezewa Kiarabu. Hazina *pa*, hazina *va*, hazina *cha*, wala *ga* yetu. Irabu zake fupi ni tatu, fat-ha, kasra na dhumma, na za Kiswahili ni tano. Waandishi wa zamani walifanya waliloweza: *pa* wakaiandika kwa herufi ya *ba*, *va* kwa *fa*, *cha* kwa *shini*, *ga* kwa *ghaini*. Na penye *mb* mara nyingi waliandika *ba* peke yake. Basi bata wa uani, kitenzi cha pata, na mbata ya nazi huweza kuandikwa kwa sura moja. Anayekijua Kiswahili na mnyambuo wa maneno yake huchagua kwa akili. Anayesubiri Kiarabu hapati kitu. Baadaye wanavyuoni walitia alama za kutenganisha, kama *ba* yenye nukta tatu chini kwa *pa*, na *fa* yenye nukta tatu juu kwa *va*. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, waliandika mwaka 1997 mapendekezo ya kuupanga mwandiko huu upya. Lakini shangazi wa Mji wa Kale alifundisha njia ya zamani, na mama huyu aliandika kama alivyofunzwa.

Nikataka kumsomea binti. Nilikwisha kufungua kinywa. Mama akanizuia kwa kiganja.

"Msomeshe, usimsomee."

Basi binti akaketi mkekani, akaliweka daftari juu ya mto. Nikamwambia: "Usitafute Kiarabu. Tamka herufi kama unavyozijua, kisha sikiliza kama unamsikia mama akisema jikoni." Akaanza. Mimi, wawu, nuni, nuni, ghaini. Akatamka kwa shida, kwa ghaini ya kooni kama alivyofunzwa na mwalimu wa tajwidi. Nikamwambia: "Hapo iache ghaini ya Waarabu, ilete ya nyumbani." Akarudia polepole, na mara neno likafunguka: *mwanangu*.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaendelea, neno kwa neno, akikosea na kurudi. Mama hakumsahihisha hata mara moja. Alikuwa akiutazama mlango. Walipofika ubeti wa sita au wa saba nilitoka nje kibarazani, kwani mahali hapo mgeni hana kazi. Sitasema yaliyomo. Mama aliniruhusu kutaja neno moja tu, kwa kuwa neno moja si ubeti, nalo ni *radhi*. Palikuwa na jambo la zamani baina yao, katika ndoa ya binti huyu, ambalo halikuzungumzwa tangu siku ya harusi. Radhi aliyoizuia siku ile, mama aliiandika edani, kwa kalamu ya shilingi chache, na binti amelala chini yake miaka saba.

Niliporudi ndani nilimwuliza mama kwa nini hakumwambia kwa mdomo. "Ulimi una haya, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Kalamu haina haya. Ila kalamu nayo yataka mtu wa upande wa pili."

Nimewaza sana maneno hayo njiani nikirejea. Sisi tunaozungumza na waandishi hupenda kuuliza habari za chemchemi: maneno hutoka wapi, nani alikufungulia mlango. Ni maswali mazuri. Lakini mama wa Kware amenifunza swali jingine, nalo ni hili: uliyemwandikia, je, anaweza kukusoma?

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilibakia vinywani mwa watu, zikipungua kila alipokufa mzee, mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya na kuziandika pamoja na W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940, kwa kazi ya William Hichens, huko Johannesburg. Miaka 100 ilipita, na mbali kiasi hicho. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwaamsha watu wa Mombasa mwaka 1930 kwa *Sahifa* yake, aliandika Kiswahili kwa herufi hizi hizi, kwa kuwa alijua mlangoni mwa kila nyumba kuna mtu anayezisoma. Leo mjukuu wa nyumba hiyo angehitaji mkalimani. Na hata aliyepata sifa za dunia hakusalimika: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa *Paradise* mwaka 1994 kwa Kiingereza, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Waswahili waliisoma kwa lugha yao mwaka 2022, ilipofasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*. Ulimwengu ulimsoma kwanza, na jamaa zake wakafuata.

Naye Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alianzaje? Alimwita mwanawe aketi karibu, naye binti achukue wino na karatasi. Nimeufundisha utendi huo mara nyingi, na kila mara nikikimbilia mawaidha, mwanzo wake nikiuona ni mlango tu wa kuingilia. Siku hizi mlango huo ndio unaonisimamisha. Mama yule hakumwachia mwanawe karatasi zilizokwisha kuandikwa. Alimtia mwanawe kalamu mkononi, ili maneno yapite kwake kwanza.

Basi ndugu zangu, na hasa wazazi mnaosoma ukurasa huu pamoja na watoto wenu, nina maombi matatu. La kwanza: penye kisanduku, mkoba au kitambaa chenye karatasi za mzee, zisizikwe wala zisichomwe kabla hazijapita mbele ya mtu anayejua herufi na anayejua Kiswahili. Heshima ya herufi ni pamoja na kuzisoma. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ya kusoma. La pili: walimu wenzangu wa madrasa, tutenge robo saa katika juma, tuwaonyeshe watoto jinsi babu zao walivyoandika Kiswahili. Mtoto anayesoma msahafu amekwisha kupita sehemu kubwa ya safari, na iliyobaki ni fupi mno kuachwa. La tatu ni jepesi kuliko yote, nalo ndilo tunaloliahirisha: mwulize mzee wako wiki hii, je, umewahi kuandika kitu? Akisema ndiyo, usiseme inshallah kama nilivyosema mimi. Keti.

Nitamalizia kwa yaliyofuata. Siku kumi baada ya kurudi Mombasa, simu yangu ililia baada ya Alasiri. Alikuwa binti wa Kware, na nyuma ya sauti yake niliisikia cherehani ya mwenzake ikienda. Amenunua daftari jipya, aniambia, na kila usiku ananakili kurasa mbili kwa herufi za Kizungu, ili wanawe nao wasome. Amefika ukurasa wa kumi na moja.

"Shehe, nimekwama. Kuna neno hapa linaanza kwa *ba*. Sijui ni bata au ni pata. Maana yote mawili yanaingia."

Nikataka kumwambia anipigie picha anitumie, niutazame ubeti wote, nimpe hukumu. Ndivyo tulivyozoea sisi wenye vilemba. Kisha nikakumbuka kisanduku cha mwalimu wangu, na maneno mangapi mle ndani ambayo hapana tena duniani wa kuyaulizia.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwenye neno yuko juu, ghorofa ya nne. Panda ukamwulize."

Wabillahi tawfiq. Tukutane Ijumaa ijayo, inshallah, nami safari hii naikusudia.